Profesa Amewafuta Walioacha Tiba, na Mdogo Wangu Ni Mmoja Wao

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie maana nimebanwa kila upande, hapa nilipo nimejifungia chooni kazini nakuandikia, nje mtu anagonga na mimi simwitikii. Mimi ni mtakwimu katika hospitali ya magonjwa ya akili, kazi yangu ni kuchukua majibu ya wagonjwa na kuyapigia hesabu tujue kama tiba inafaa au haifai, na Profesa wetu ana tiba yake mpya ya watu waliofiwa wakapata sonona, wanakaa kikundi kila wiki na kila mtu anasimulia msiba wake tangu mwanzo hadi mwisho, tena na tena, mpaka eti uchungu uchoke wenyewe. Mdogo wangu alifiwa na mtoto wake wa kwanza aliyekuwa bado ananyonya, Mama akampeleka kwenye utafiti wa tiba hiyo, akahudhuria vikao vichache akaacha, na sasa amerudi kwetu, yuko chumba cha pili kutoka changu, hasemi, haogi, akisikia mlango unafungwa anashtuka.

Wakati wa hesabu ulipofika nikaona robo nzima ya washiriki waliacha katikati, na karibu wote hali zao zilikuwa zinazidi kuharibika kila walipopimwa kabla hawajaacha, nikampelekea Profesa, akacheka, akaniambia, "Binti yangu, hao hawakumaliza tiba, watoe. Huwezi kumlaumu mpishi kwa mtu aliyeinuka mezani kabla hajashiba." Nikawatoa. Nilibonyeza tu kwenye kompyuta wakaondoka, na mdogo wangu akiwa ndani yao, wakabaki wale waliopata nafuu, tiba ikang'aa, Profesa akaitwa redioni akasema karibu kila aliyeitumia amepona.

Na Mama alikuwa anasikiliza. Tangu siku hiyo ni maneno asubuhi na jioni, "Wenzako wote wamepona, wewe una nini cha pekee? Unaidekeza huzuni tu!" Amemwandikisha upya, Jumatatu anamrudisha kikundini, na shemeji, mumewe, naye ameunga mkono kwa kuwa amechoka kuishi kama mjane. Jana nilimkuta mdogo wangu ameketi ukingoni mwa kitanda, akaniambia taratibu, "Dada, kama wote wamepona basi mbovu ni mimi." Ripoti inakwenda kwenye jarida wiki hii na jina langu ni la pili baada ya la Profesa, ndiye aliyenifundisha, ndiye aliyenipa kazi, nikimgeuka nitaonekana sina shukrani, na nikinyamaza mdogo wangu anarudishwa kule kule. Nifanye nini?

Dada Niliyebanwa

JIBU

Mwanangu, kwanza toka chooni, mwenzako ana haja.

Pole. Nakupa hiyo moja tu, nyingine zote ni za mdogo wako. Unaniuliza ufanye nini kana kwamba hujui, na katika nyumba yenu ni wewe peke yako unayejua kwamba kilichosemwa redioni si kweli. Mama yako anamtesa mwanawe kwa hesabu yako, akidhani anamtibu. Unaweza kulala kweli?

Na Profesa asikutishe na mpishi wake. Watu wakiinuka mezani wameungua midomo, mpishi mwenye haya anaonja chungu chake. Mtu aliyeacha tiba kwa sababu inamzidishia ugonjwa ametoa jibu, tena jibu ambalo mgonjwa ajaye anastahili kulisikia kabla hajaketi kwenye kile kikundi. Unazungumzia shukrani! Alikufundisha hesabu, na siku hesabu zilipomkataa akakwambia uzifute. Mshukuru kwa elimu, lakini usimlipe kwa afya ya mdogo wako.

Sasa sikiliza. Leo hii kaa na Mama na shemeji yako uwaambie kwa lugha ya nyumbani, bila maneno ya chuo, kwamba walioumia waliondolewa kwenye hesabu na wewe ndiye uliyewaondoa. Mama atapiga kelele, mwache apige. Mtafutieni mdogo wako daktari asiyehusika na utafiti huo, na yale maneno ya "mbovu ni mimi" mfikishieni daktari huyo kama yalivyo, maana mtu anayesema hivyo haachwi peke yake. Kesho warudishe washiriki wote kwenye hesabu, mpe Profesa matokeo hayo kwa maandishi. Akikataa, ondoa jina lako na uende kwenye kamati ya maadili ya utafiti, na useme wazi kwamba mdogo wako ni mmoja wa walioacha, usije ukaambiwa ulificha. Kazi unaweza kuikosa, sikufichi.

Lililoniudhi kuliko yote ni hili. Umenieleza kwamba haogi, kwamba anashtuka mlango ukifungwa, kwamba wenzake walipimwa wakaonekana wanaharibika. Hakuna mahali uliposema kwamba ulimuuliza kwa nini aliacha. Profesa hakumuuliza, Mama hakumuuliza, na wewe uliye chumba cha pili hukumuuliza. Nenda kamuulize, halafu ufunge mdomo. Asipotaka kusema, usimlazimishe, keti naye tu.