Heri Nionekane Mlevi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kupitia safu yako gazetini, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, kwa sababu mimi ni mtu mzima mwenye mvi na jambo hili naona haya kumwambia hata mtu wa rika langu. Mimi ni mchora vibao. Kazi hii nilijifunza huku ugenini, nilikofika kijana nikikimbia vita na ambako nimezeekea, na mapema niliona kuwa mwenyeji akikosea herufi watu hucheka wakapita, lakini mgeni akikosea husemwa lugha si yake, basi nikajizoeza kutokosea, mpaka mtaa mzima ukaniita Rula, maana mstari wangu wa mkono mtupu ukiuwekea rula huoni tofauti.

Wasichokijua ni kwamba nina ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka, daktari aliuita baipola. Nikipanda, silali na najiona bingwa wa dunia. Nikishuka, hata kufungua kopo la rangi ni mlima. Nilipolazwa mara ya kwanza, marehemu mke wangu alimwambia binti yetu, wakati huo mdogo, kwamba baba amesafiri kikazi, na uongo huo tumeulea mpaka mtoto naye amekuwa mama wa watoto. Dawa zilinituliza, nisiwe mchoyo wa shukrani, ila zilinipa mtetemo mdogo wa vidole, ambao mwingine asingeujali lakini kwangu ni msiba, kwa kuwa kila mstari nauona umepinda, naufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nachora tena, nafuta tena, moyo unanidunda kama wa mwizi aliyesikia mbwa, na kazi ya asubuhi moja inakula wiki nzima.

Jirani yangu fundi viatu ndiye aliyeanza. "Leo rula imepinda! Jana umelala na chupa gani, mzee?" Watu wakacheka, na mimi, badala ya kukana, nikacheka nao, maana niliona heri nionekane mlevi kuliko nijulikane kichaa, mlevi hutaniwa na kuonewa huruma, bali yule mwingine hufichwa visu. Siku nyingine nikasukutua pombe kali nikatema, ili harufu initolee ushahidi. Kisha binti yangu akaja, akaona mkono unavyocheza, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, unakunywa?" Nikasema, "Nakunywa, mama." Sikudanganya, kwa kuwa dawa nazo hunywewa, lakini nilijua alichosikia. Akalia. Akasema, "Basi wajukuu zako hawaji tena hapa mpaka uache. Sitaki wakuone hivi."

Hata hivyo, mshauri, mtoto huyo huyo amenipa kazi. Anafungua duka la miwani, akaniambia, "Kibao utaandika wewe, baba, sitaki cha kompyuta. Ila siku hiyo usije umeonja kitu." Neno lenyewe ni moja tu, MIWANI. Litazame kwa jicho la fundi: halina hata herufi moja ya duara. Duara husamehe, mkono ukicheza watu hudhani ni madoido. Mstari ulionyooka hausamehe.

Basi nikaacha dawa, kimyakimya, ili mkono utulie. Na umetulia. Mistari inatoka kama uzi uliovutwa. Lakini sasa naamka kabla jogoo hajawika wala sina hamu ya usingizi, kibao nimekwisha kukiandika nikakifuta kwa kuwa W ilizidi M kwa unene wa unywele, na juzi alfajiri nilitoka na brashi nikasahihisha kibao cha kinyozi, ambaye hakunituma. "Mzee, nani kakuita?" aliniuliza, nami nikaanza kumweleza makosa ya mtaa mzima, duka baada ya duka, mpaka akanishika bega. "Nenda kalale, mzee wangu. Pombe si maji." Niliona haya, na papo hapo nilitamani kumpakia rangi mlango wote.

Swali langu ni hili: je, naweza kumaliza kibao kwanza, duka lifunguliwe, binti yangu aone kazi ya baba yake isiyo na doa, ndipo nirudie dawa?

Ni mimi,
Rula

Mshauri anajibu:

Shikamoo, mzee wangu. Baada ya salamu niruhusu nikukaripie, maana heshima isiyosema kweli ni unafiki.

Hapana. Kibao hicho hakitaisha. Leo umegombana na W, kesho itakuwa N, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Unasema mkono umetulia. Hilo ndilo linalonitisha. Mkono umetulia na mwenye mkono yuko barabarani alfajiri akipaka rangi mali za watu. Unapanda, mzee, na safari hii marehemu mkeo hayupo wa kusema umesafiri kikazi.

Nilimsomea barua yako muuguzi wa kliniki ya afya ya akili. Aliniambia wengi wenye maradhi yako huandamwa na kiu hiyo ya kutaka kila kitu kisiwe na dosari, na wasiwasi huichochea kila siku. Haikatwi kwa kuchora vizuri zaidi. Huzungumzwa na wanaojua kuitibu. Na mtetemo nao una dawa yake: daktari hupima damu, hupunguza dozi, au hubadilisha kidonge. Je, ulimwambia kwamba vidole vyako ndivyo vinavyokulisha? Nadhani hukumwambia. Ulitaka hata kuugua uugue bila dosari.

Na hiyo pombe! Pole, tena pole ya kweli, kwa sababu najua neno kichaa linavyouma na wanaolitamka hawaoni aibu. Lakini umeazima aibu ya mlevi kufunika ugonjwa ambao si aibu, na anayeilipia ni binti yako. Analilia chupa ambayo haipo. Alikuuliza swali la mtoto kwa mzazi, ukamjibu kwa fumbo kama wakili. Hilo, mzee, halikuwa jema.

Sasa sikiliza. Usimeze vidonge vingi kwa mpigo ili kufidia, wala usivianze tena kwa kubahatisha. Nenda kliniki leo, na pakiti zako mkononi, useme ni tangu lini uliacha. Ukikuta wamefunga, nenda hospitali. Usiende peke yako. Mpigie binti yako akupeleke, na umwambie hivi: "Mama, ninachokunywa ni dawa, si pombe. Nimeziacha, na ninaogopa." Maneno hayo usiyapambe, usiyafute, usiyaanze upya. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke.

Duka linaweza kufunguliwa bila kibao. Wateja wake ni watu wasioona vizuri. Watafika kwa kuulizia. Binti yako ndiye mwenye macho mazima, na siku hiyo atakuwa akimtafuta baba yake mlangoni.

Weka gazeti chini, mzee wangu. Mpigie.