Bibi, Barua ya Kwenye Senema Ilisemaje

Bibi yangu,

Shikamoo. Salamu imechelewa, najua, na hakuna wa kunijibu marahaba. Usiicheke hati yangu. Weye ndiye uliyenifundisha kuandika Kiswahili, kwa zile barua zako za zamani za Unguja, baada ya skuli ya hapa Ibra, Omani, kunishinda. Au mie kuishinda, maana mwalimu wa mwisho alitoa machozi siku niliyoondoka, na mpaka leo sijui kama yalikuwa ya huzuni. Kwa hiyo makosa utakayoyakuta humu, nusu ni yako.

Nianze na sifa zangu, kama kawaida. Hakuna kijana Ibra nzima, hata ukichanganya na Nizwa na Sur, aliyewahi kuukalia ule mto mwekundu wa Maalim Hilal akiwa na miaka kumi na tisa. Mie niliukalia Alkhamisi sita mfululizo. Dereva wa pikapu, mtoro wa skuli, nimeegemea dirishani kama liwali, na wazee watano wenye ndevu nyeupe wananimiminia kahawa.

Unakumbuka mambo yao. Kila Alkhamisi baada ya Alasiri walikutana kwenye sabla ya Maalim, kile chumba cha wanaume kilicho mbele ya nyumba yake, wote watoto wa Unguja. Hawakuzungumza siasa wala mitende. Waliulizana filamu za zamani za Hollywood walizoziona ujanani, kwenye senema za mjini. Anayeshindwa kujibu anashika dele, lile birika la kahawa, na kuwamiminia wenzake mpaka Magharibi. Anayeshinda anakalia mto. Majina ya Kizungu hawakuyaweza, kwa hiyo kila mwigizaji walimpa jina la Kiunguja: Mwanya, Bi Nyusi, Bwana Koti. Watu wazima, wengine wana wajukuu polisi, wanagombana nusu saa juu ya kofia ya Mwanya, kama ilianguka kushoto au kulia.

Siku ya kwanza Maalim alinitega. "Haya, dereva, farasi wa Mwanya alikuwa rangi gani?"

Wenzake wakaziba midomo. Nikamwambia, "Kijivu, Maalim. Na Mwanya mwenyewe kijivu, na mbingu kijivu. Rangi zilikuwa bado hazijafika."

Mmoja alicheka mpaka akajimwagia kahawa kwenye kanzu.

Lile jibu lilikuwa lako. Yote yalikuwa yako. Asubuhi nakaa jikoni, weye unachagua mchele kwenye sinia, nakuuliza, unanimwagia: Bi Nyusi aliolewa mara ngapi, Bwana Koti alivuta sigara kwa mkono gani, nani alikufa kabla filamu haijafika kati. Ulisimulia zile Jumapili za wanawake watupu, ukumbi mzima mabuibui, na mwanamume mmoja tu, mwendesha mashine, kafungiwa chumbani kwake kama kuku. Ulisimulia dada yako Khole, aliyekuwa akijua Kiingereza, anakutafsiria sikioni tangu taa zinazimwa. Wazee wale waliziona picha. Weye uliziona na kuzielewa.

Nikirudi jioni unaningoja mlangoni.

"Umewapiga?"

"Nimewapiga, Bibi."

"Wote?"

"Wote."

"Na Hilal?"

"Huyo ndiye aliyeshika dele."

Unacheka umejiziba mdomo kwa leso, mabega yanatikisika. Siku moja ukasema, "Mwambie Hilal amsahau Mwanya, aniulize juu ya Bi Nyusi." Mie nikajibu, "Akuulize weye? Wallahi hajui hata kama upo." Nilitania. Weye ukarudi kwenye mchele wako, na sinia lile halikuwa na chuya hata moja, ulikwishalichagua.

Ningeweza kuwaambia. Neno moja tu, "haya ni ya Bibi." Lakini mto ule ulikuwa mlaini.

Alkhamisi ya saba Maalim akaja na Ile ya Barua. Filamu ile ulinisimulia tangu nina meno ya utoto, ukinichana nywele, kwa hiyo nilijinyoosha vizuri kabisa. Bwana Koti, karani wa reli, anaondoka asubuhi na gari moshi, anamwachia Bi Nyusi barua mezani. Bi Nyusi anaamka, anaichukua, anakwenda nayo dirishani.

"Swali," Maalim akasema. "Barua ilisemaje?"

Nilisimama, Bibi! Nikapiga kifua, nikaanza kuisoma kwa moyo kama ulivyokuwa ukiisoma weye, kwamba uji upo, umefunikwa kwa kawa, na mlango umerejeshwa tu.

Sikufika mbali.

"Kawa?" mzee mmoja akadakia. "Kile kifuniko cha ukili? Marekani?"

"Na uji!" mwingine akapiga goti. "Bwana Koti na tai yake anakoroga uji! Wa mtama, bwana, au wa mchele?"

"Dereva, alitia na hiliki?"

Walicheka wakafuta macho. Maalim akainua mkono. "Barua haikusomwa, mwanangu. Ndiyo maana ya swali. Aliishika, akaitazama, akaitia motoni imefungwa vilevile. Hakuna ajuaye imesema nini."

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilipiga kelele, "Bibi yangu kaniambia! Na bibi yangu anazijua senema kuliko nyinyi nyote!"

Mmoja akasema pole pole, "Kumbe bingwa wetu ana redio jikoni," na sabla ikapasuka upya. Wiki sita nilikuficha ili nisifiwe mie. Siku nilipokutaja, nilikutaja ili lawama ikuangukie weye.

Maalim peke yake hakucheka. Akaniuliza, "Aliiona Jumapili, ya wanawake?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. "Maskini. Filamu ndefu hawakuzimaliza. Nje kaka zao wanawangoja, lazima wafike nyumbani kabla ya Magharibi. Mie mwenyewe nilikwenda kumchukua dada yangu. Wanatoka wananuna, mwisho hawaujui."

Nikashika dele. Niliwamiminia wote watano, na kila aliyetosheka akatikisa kikombe chake na kuuliza kama kuna uji.

Ulikuwa mlangoni. "Umewapiga?"

Bibi, ningesema sijambo, nimechoka. Ningesema uongo, mie bingwa wa uongo. Nikasema, "Umenifanya kichekesho. Barua iliunguzwa! Dada yako alikudanganya, na weye ukaamini miaka yote kama mtoto."

"Khole aliona," ukasema.

"Aliona vipi? Hamkutoka pamoja?"

"Tulitoka pamoja. Mkono kwa mkono." Ukatazama mkono wako. "Lakini mie nilitangulia mbele. Yeye alikuwa akitoka kinyumenyume, macho kwenye pazia la senema, mpaka mlangoni. Akanambia njiani, yote, tukiwa nyuma ya baskeli ya kaka."

"Kwa hiyo katunga!"

Nilikuona unahesabu: hatua zile, mlango ule, kengele ya baskeli ya kaka yenu nje. Hukuwa mjinga. Ulikuwa hujawahi kuhesabu tu, kwa kuwa hakuna aliyekulazimisha.

Nilijua unachohesabu, na ndilo linaloniuma. Nilijua kwamba mlipoondoka Unguja baada ya mapinduzi, Khole alibaki na mumewe, akafariki hamjaonana tena. Nilijua huna picha yake hata moja. Ulikuwa na maneno yale tu. Ulikuwa ukiyasema unapoanua nguo, unapopika, ukidhani ni ya Bi Nyusi. Mie nikakuambia ni uongo wa mtoto, nikaenda kuosha pikapu.

Baada ya hapo hukunisimulia filamu tena. Nikikuuliza unasema, "Nimesahau, mwanangu." Weye! Unayekumbuka Bwana Koti alivaa viatu gani.

Sikukaa bure, usidhani. Nilitafuta. Kila nikipeleka mzigo Sur naingia kwenye duka moja la kanda za video, namuelezea mwenye duka kwa Kiarabu changu cha barabarani: mwanamke wa nyusi, mwanamume wa koti, reli, barua. Mara ya tatu akanipa kanda ina vumbi. Njia nzima kurudi nilikuwa naimba. Nilifikiri nitakuonyesha kwamba labda Maalim kakosea, labda Khole aliona kweli. Na nikiwa mkweli, nilifikiri pia juu ya mto.

Ilikuwa baada ya Adhuhuri, umekwisha sali. Nikafunga mapazia, nikatia kanda kwenye deki. Ulikaa wima, umejifunika leso kama uko ukumbini. Bi Nyusi alipotokea ulisema, "Ee, kumbe alikuwa mdogo hivi," ukacheka kidogo, na mie nikahisi nimesamehewa. Ulitangulia kila neno. Bwana Koti kabla hajavaa kofia, umekwisha sema, "Sasa anavaa kofia." Akaweka barua mezani. Bi Nyusi akaamka, akaichukua, akaenda dirishani.

"Zima," ukasema.

"Bibi, bado. Mwisho wenyewe ndio huu."

"Nimekwambia zima. Hapa ndipo kaka alipokuwa akipiga kengele."

Nikazima. Ukanigeukia, uso mtulivu kabisa, ukasema, "Sasa nisomee weye."

"Nikusomee nini?"

"Barua. Kama alivyosema Khole. Mie siku hizi inanipotea katikati."

Haikuwa ikikupotea. Mie niliipoteza, ile siku ya mlangoni. Ulikuwa ukiniomba niirudishe, na ulinipa njia nyepesi kabisa, bila hata kunitaka niombe radhi. Maneno hayafiki hamsini. Nilikuwa nayajua yote.

Na mie nikasema, "Nisome ile ya uongo? Si bora tutazame ya kweli?" Nikacheka, kile kicheko changu cha kwenye sabla. Nje rafiki yangu akapiga honi mara mbili, tulikuwa tunakwenda mpirani. Nikasema nitakusomea nikirudi, nikavaa viatu. Sikutazama nyuma. Nilikuacha umekaa mbele ya televisheni iliyozimwa, mapazia yamefungwa, mchana kweupe.

Niliporudi ulikuwa umelala. Kesho yake nilikuwa na mzigo wa Nizwa. Kesho kutwa, Sur. Hukuniuliza tena, nami nikajidai nimesahau. Habari ya msiba wako nilipewa Bidbid, pale njia panda, nimesimama kununua maji. Barabara moja inakwenda Muscat, moja Nizwa, moja inarudi kwako, na mie dereva hodari wa Sharqiyah nzima nikasimama na chupa mkononi sijui nishike ipi.

Kanda bado imo kwenye deki. Imesimama pale pale, Bi Nyusi dirishani na barua haijafunguliwa. Sijabonyeza. Mara nafikiri nikitazama nitakuwa nimekwenda bila ya weye mahali ulipokataa kwenda. Mara nafikiri ni woga tu. Sijui, Bibi. Natambia kila kitu, hili silijui.

Alkhamisi iliyopita nilirudi kwenye sabla, mara ya kwanza tangu matanga. Hakuna aliyetaja uji. Mto mwekundu ulikuwa mtupu, Maalim akanionyesha kwa kidevu nikae. Mie nikashika dele. Hakuna aliyeniuliza swali, nilishika tu, nikamimina mpaka adhana.

Tulipokuwa tunatoka Maalim akanivuta kando. Akasema, "Siku ile hatukukuacha ukamaliza. Barua ya bibi yako, ilisemaje mwishoni?" Akainama kama anayetafuta viatu vyake, wala hakuwa akivitafuta. "Dada yangu naye alikuwa akiniuliza, tukirudi njiani. Imeandikwa nini, kaka, imeandikwa nini. Mie nikamwambia nyamaza, tumechelewa."

Nilitaka kumsomea. Nilifungua mdomo. Kisha nikamwambia, "Kuna mtu aliniomba kabla yako, Maalim."

Ndiyo nimekaa sasa kwenye pikapu, karatasi juu ya usukani, nakuandikia. Najua haifiki. Najua ulitaka kuisikia kwa sauti, uso kwa uso, siku ile, na siku ile siipati tena hata nikiendesha mpaka mwisho wa lami. Sikuombi unisamehe, maana ungesema "haya" bila kufikiri, kama ulivyonisamehe kila kitu tangu utoto, na mie ningetoka tena kucheza mpira. Nasoma tu, kama alivyosema Khole, hata pale mwishoni aliyetoka anapogeuka kuwa aliyebaki. Kaa wima, jifunike leso yako.

"Nimetoka mapema, sikutaka kukuamsha. Uji upo, nimeufunika kwa kawa, ukiukuta umepoa upashe. Usilie, macho yako yakivimba watu watajua. Mlango nimeurejesha tu, sikutia komeo. Siku utakayorudi usibishe hodi, ingia. Mie nipo ndani."

Mjukuu wako,
niliyetoka bila kugeuka