Viganja Chini ya Rangi

Ifakara,
3 Machi 1996

Kaka yangu Zakayo,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute salama, wewe na wifi Brigita na mtoto Dionisi, na kile kikohozi chake ulichonitajia kiwe kimekwisha. Huku kwetu tunaendelea. Mimi ni mzima, cherehani yangu bado ipo barazani kwa Mzee Mwinyimvua, ingawa mvua hizi zinawafanya wateja waone afadhali wavae nguo zao hivyo hivyo zilivyochanika. Mto umeanza kujaa na watu wa mabondeni wanahamisha kuku. Mama naye ni mzima na anakusalimu sana. Habari zake ndizo zilizonikalisha chini kuandika, na nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujasimama kufanya jambo lolote. Nakujua ulivyo mwepesi wa kusimama.

Kwanza nikushukuru kwa barua yako ya Januari. Nilifurahi kusikia kwamba kompyuta niliyokutumia kabla ya Krismasi inafanya kazi, kwamba ukitoka stesheni jioni unajifunza kuandika kwa vidole vyote, na kwamba Dionisi anaibonyeza akiwa na andazi mkononi mpaka mama yake anamkimbiza. Uliisifia rangi yake ya kijani. Ukasema pale mbele ya vitufe mikono yako inakaa vizuri, utadhani imetengenezewa wewe. Uliniagiza pia nikupelekee shukrani kwa Mwalimu Anselim wa Mkula, aliyehamishwa akaona ni mzigo kusafiri nayo. Hilo la mwalimu nitalirudia.

Habari kubwa ni kwamba Mama anakuja kwako. Atapanda treni Alhamisi, na tayari amefunga mchele wa kuazima na samaki wakavu, na kila asubuhi anafungua furushi lile na kulifunga upya. Nimejaribu kumcheleweshea safari kwa kisingizio cha mvua, akaniambia kwamba treni haiogopi mvua. Kuna kitu anakuja kukiona nyumbani kwako, na wewe hujui kwamba unacho. Ndiyo maana barua hii nampa Kasmiri, aliyekuwa akifanya kazi na marehemu mdogo wetu Joshua, anayepanda treni ya kesho. Nataka ikufikie kabla ya Mama.

Turudi nyuma kidogo. Sipendi, lakini hapana njia.

Desturi yetu unaijua, maana wewe ndiye uliyeupokea msumeno wa Baba. Siku ya kuanua matanga vitu vya marehemu hupangwa mkekani, ndugu wakagawana, na kile alichokuwa akifanyia kazi humwendea mkubwa wao. Akishakipokea, ndipo mama mtu hunyanyuka kwenye mkeka wa msiba, akanyolewa, akarudi shambani. Kisipopokelewa, mama hubaki palepale mkekani. Mdogo wetu hakuwa na msumeno wala jembe. Alikuwa na kompyuta ile ya kukunja aliyoachiwa na watafiti wa mbu walipomaliza kazi yao Namawala. Usiku alikuwa akikamata mbu kwenye nyumba za watu, mchana akiwaingiza mle ndani kwa hesabu, na sisi tukimcheka kwamba ni mchungaji wa mbu. Ganda lake lilikuwa jeupe zamani, likageuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Kona moja ilipasuka, mgongoni kulikuwa na namba nyekundu ya mradi, na pale mbele, viganja vyake vilipoegemea miaka yote, plastiki ilisuguliwa ikawa laini na kung'aa.

Ulikuja, kaka, hilo siwezi kukunyima. Ulisimama penye ua na leso yako puani. Wazee walipokuita uipokee uliitazama kompyuta, ukaitazama saa, ukasema treni haingoji mtu. Wakakuita tena, na mgongo wako ulikuwa umeshavuka mfereji. Mashati yake nayo hakuna aliyeyataka. Baba mdogo alilinyanyua moja kwa ncha ya fimbo, akalirudisha. Niliyabeba yote mimi. Kompyuta ikabaki peke yake katikati ya mkeka, watu wakiipita kwa mbali, mpaka manyunyu yalipoanza nikaiingiza ndani.

Joshua alikufa kwa ukimwi. Naliandika neno hilo kwa sababu katika barua zetu zote hakuna aliyeliandika, tumeandika malaria, tumeandika kifua, tumeandika mkono wa mtu. Wodini muuguzi alitueleza wazi kwamba haupatikani kwa kugusa alichogusa mgonjwa. Wewe ulikuwapo siku hiyo, ulikuwa ukitikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Kisha Joshua akakunyooshea mkono, ukaanza kutafuta kitu mfukoni. Aliuacha hewani kwa muda, halafu akauweka juu ya shuka akajifanya anaikunjua. Baada ya hapo kila alipoisikia treni aliniuliza kama ni ile inayotoka kwako Mlimba.

Basi Mama akabaki mkekani. Wenzake walipanda mpunga, yeye akakaa chumbani amejifunika khanga ile ile, shamba lake la Namawala likaota majani mpaka watu wakafunga mbuzi humo. Alikuwa akila vijiko viwili na kusema ameshiba. Nilikuandikia nikikusihi uje uipokee kompyuta. Ukanijibu kwamba kitu kile hakitaingia kwenye nyumba yenye mtoto, na kwamba nikikileta utakichoma moto. Sikumsomea Mama barua hiyo. Nilimwambia posta imefungwa. Wanawake wa mtaani walikuwa wameanza kusema, si kwa ubaya, kwamba mwaka huu nitazika wawili, nami usiku nilikuwa nikisikiliza kama bado anapumua.

Nilikasirika, kaka. Nilikasirika mpaka nikashona suruali ya mtu miguu yote mbele. Na katika hasira hiyo nikaona kwamba unachokiogopa wewe ni lile ganda tu, ule uchakavu ulioachwa na mikono yake. Nikaamua kuliondoa machoni pako.

Kasmiri alinifungulia skrubu, akafuta kazi za mradi zilizokuwamo, akatenga matumbo ya mashine kando ndani ya ungo na kuyafunika. Ganda likabaki mikononi mwangu. Nililiosha kwa sabuni, kisha, kwa ujuaji wangu, nikalisugua kwa petroli ili mafuta yatoke, kona moja ikalainika na kunata kama ubani uliotafunwa. Nikaacha, nikachukua msasa kwa seremala, nikaanza na ile namba nyekundu. Rangi alinipa Mzee Mwinyimvua, masalio ya milango ya duka lake. Hakuniuliza ni ya nini. Alisema tu nichanganye na mafuta ya taa kidogo na nipake nyembamba, kwa kuwa rangi ya mafuta ikipakwa nene hujikunja. Sikumsikia, nikaanza na kifuniko, nikapaka nene, ikajikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa, ikabidi niikwangue yote kwa kisu cha jikoni na kuanza upya.

Mama aliisikia harufu akatoka mpaka mlangoni, mara ya kwanza tangu tuzike kumwona barazani mchana. Aliniuliza ninafanya nini. Nikamwambia ninaipendezesha ili iende kwako, kwa kuwa umekubali kuipokea. Uongo huo ulinitoka laini kabisa. Alikaa chini kando yangu, akatazama, kisha akaniomba jambo moja, kwamba nisipitishe msasa pale viganja vya mwanawe vilipokuwa vinakaa. Nami sikupitisha. Nilipaka rangi tu juu yake.

Niliianika barazani, na kwa kuwa mvua za vuli zilikuwa zimeanza, mbu wakaja wakanasa kwenye rangi mbichi. Mama aliwatoa mmoja mmoja kwa ncha ya sindano yangu. Alisema kwamba wamekuja kumtafuta, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kilio ambacho hakukilia makaburini. Mbu mmoja alibaki karibu na bawaba ya kifuniko, rangi ilikuwa imeshakauka. Ukitazama utadhani ni punje ya vumbi.

Sasa unajua. Salamu zako kwa Mwalimu Anselim wa Mkula nimeshindwa kuzifikisha, kwa kuwa mtu huyo hayupo na hakuwahi kuwapo. Kompyuta iliyo mezani kwako ni ya Joshua. Unayoishika kila jioni ukitoka kazini ni ile uliyoiacha mkekani.

Barua yako ya kunishukuru nilimsomea Mama, nikiruka pale penye mwalimu. Nilimsomea kwamba imefika, kwamba ipo mezani, kwamba mikono yako inakaa vizuri pale mbele. Aliniomba nirudie hapo. Kisha akanyanyuka, kaka. Alitoka chumbani akaomba wembe, nikamnyoa uani, na kesho yake akachukua jembe kwenda Namawala kuwafukuza mbuzi wa watu. Amepanda kwa kuchelewa, na kwa mto huu ulivyo sidhani kama atavuna gunia, lakini anakwenda kila siku na jioni anakula anamaliza. Anaamini umempokea mwanawe. Anawasimulia wanawake njiani kwamba Zakayo wangu alikuwa na mshtuko tu, sasa ameelewa.

Na Alhamisi anakuja kuiona. Ataingia, atakusalimu wewe na mkeo, atambeba mjukuu, halafu atauliza iko wapi ya Joshua. Sikuweza kukuacha ukutane na swali hilo ukiwa huna habari, ukamjibu mbele ya watu kwamba ya Joshua hukuichukua. Akilisikia jibu hilo atarudi mkekani, na safari hii sina rangi ya kumtoa.

Utanikasirikia, najua, na sababu unayo. Nimekudanganya, nimeingiza nyumbani kwako kitu ulichokikataa, na mtoto amekishika kwa mkono uleule aliokulia andazi. Lakini kuna jambo sijamwambia mtu. Siku nilipoanza kuisugua, nilivaa mifuko ya plastiki mikononi, mifuko ya chumvi, nikaifunga kwa uzi wa cherehani. Mimi niliyemwogesha, niliyemlisha. Mifuko ilikuwa ikiteleza, nikaivua kwa kukosa subira, si kwa ushujaa. Kwa hiyo sikuandikii kama mtu asiyeogopa. Naijua hofu yako, imelala nyumba moja na mimi.

Ukitaka kuichoma, ichome. Ni yako, desturi imekupa. Ila uichome kabla ya Alhamisi, na uende stesheni mwenyewe ukampokee Mama na umweleze kwa mdomo wako, usimwachie wifi Brigita kazi hiyo.

Kama hutaichoma, fanya hivi. Leo jioni fumba macho upitishe kiganja juu ya rangi. Kila mahali utakuta pana chengachenga, ila sehemu mbili pale mbele ni laini. Hapo ndipo ulipopasifia. Mikono yenu ilikuwa sawa tangu utotoni, Baba alikuwa akiwapimia glovu moja ya kazi. Mama hatakuwa na maneno mengi. Ataviweka viganja vyake pale, kisha atakutazama usoni. Nakuomba, kaka, usianze kutafuta kitu mfukoni. Weka vya kwako juu ya vyake.

Msalimie sana wifi, mwambie kitambaa chake kipo tayari na Mama atamletea. Mbusu Dionisi kwa ajili ya shangazi yake. Kasmiri asipewe majibu ya haraka, mlishe kwanza, kwani ametoka mbali. Wazee wa hapa wote wanakusalimu, hata baba mdogo wa fimbo.

Ni mimi mdogo wako, ambaye sasa nimebaki mdogo wako peke yangu,

Dorotea