Gurudumu la Upande wa Bonde

Coroico, Jumanne

Kaka Hilarión,

Sisi wazima, kahawa imeiva, na Mama anauliza kama huko Buenos Aires unakula au umeshakuwa fimbo.

Baba bado anaendesha lori. Si unajua, tukiteremka tunashika kushoto, ukingoni kabisa juu ya bonde, ili dereva, ambaye huku hukaa kushoto, achungulie dirishani aone gurudumu la nje. Jana, kwenye kona ya maporomoko, alichungulia kama kawaida. Akasugua macho, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, bado tuko barabarani?"

Mimi nilikuwa nimekaa kulia, upande wa mlima. Gurudumu silioni.

Nikamjibu, "Tupo, Baba." Akakanyaga mafuta.

Kesho tunateremka tena. Njoo, kaka, maana akiniuliza nitamjibu vilevile.

Mdogo wako,
Nemesia