Katambuga za Tairi la Baba Yako

Vincent mume wangu,

Ugali na dagaa viko kwenye hotipoti. ~~Ufunguo wa gari uko juu ya kabati.~~ Hapana, nimeondoka nao.

Asubuhi uliposema tairi zako vipara zitafika Nyamongo, nilikutania kwamba unataka kunifanya mjane mara ya pili. Ukacheka. Mimi nikaenda kulia jikoni, nikasingizia moshi.

Hizo katambuga mezani, fundi alinikatia kwenye tairi la baba yako, lile lililoteleza kwenye tope la Kerende tukamzika. Pitisha kidole kwenye soli. Usidhani nimezilainisha mimi, zilikuwa kipara hivyo hivyo siku naletewa.

Tafuta tairi zenye kashata nene, yale meno yanayoshika matope, usidanganywe na zilizopakwa rangi zikang'aa.

Nimeenda sokoni peku. Sitaki jozi ya pili, ya tairi lako.

Bibi yako mzaa baba, mke mkubwa