Ngozi Aliyolalia Watasema

Ruthu,

Nimepanda baiskeli kwenda Zuzu. Yule Mzungu wa mifugo yuko huko leo anachanja ng'ombe, nitamsihi aje amwone mbwa wetu Watasema.

Ukitoka kisimani, mpe Watasema maziwa niliyochanganya na ute wa yai, kwa kijiko, kidogo kidogo. Akitapika, mwache apumzike, kisha mpe tena. Asipofumbua macho, ~~mfunike, utoke nje~~ kaa naye umsemeshe. Sauti yako anaijua.

Ile ngozi iliyo nyuma ya choo msiiguse, wewe wala bibi yako. Nitaifukia mwenyewe.

Asubuhi nilikufokea mbele ya bibi kwamba umemlisha mbwa nyama iliyooza. Ulikana, sikukusikia. Ulipoondoka na ndoo huku unalia, nikamwinua mbwa, nikaona ngozi aliyoilalia imetafunwa pembeni. Niliileta mimi Jumamosi kutoka kazini, banda la ngozi la Lalji, mbwa asilale kwenye ubaridi. Miaka saba nazichovya ngozi zile kwenye dawa ya wadudu, kila siku nawakemea vibarua wanawe mikono kabla ya kula. Halafu kwangu nikamtandikia mbwa sumu!

Hukukosa, mwanangu. Nimekosa mimi, na jioni nitayasema hayo mbele ya bibi yuleyule.

Uji umo chunguni, unywe.

Na ile shikamoo yako ya asubuhi, niliyoiacha bila jibu kwa hasira: marahaba, Ruthu. Marahaba.

Baba