Katoni Zilizofika Juzi

Mjukuu wangu Salimu, mume wangu,

Huku Tanga tu wazima. Babu yako anakusalimu, japo wivu anao. Umeniuliza programu ya ghala lenu uiambie itoe mzigo upi kwanza: uliotangulia kuingia, au utakaowahi kuharibika?

Miaka ile biashara ilipopamba moto, nilisimamia stoo ya mizigo Xiaobei, kule Guangzhou. Laoban, bosi wetu, aliiwekea kompyuta mpya kanuni moja: kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Siku ya kupakia betri za Dar, nikafungua katoni zilizofika juzi tu. Tarehe zake za kutengenezwa zilikuwa za zamani kuliko za zile zilizotukalia miezi! Kiwanda kilitusukumia mabaki.

"Hizi ndizo zitoke leo," nikamwambia laoban. "Zikingoja zamu zitafia humu."

"Bu xing, haiwezekani! Kompyuta imekataa."

"Kompyuta haijafungua katoni, laoban. Mimi nimefungua."

Akainama, akasoma, kisha akabadilisha kanuni mbele ya wapakiaji wote. Siku ile nilitembea Xiaobei kama nimeinunua.

Basi chagua utakaowahi kuharibika. Ila kabla hujabonyeza, mume wangu, fungua katoni.

Mkeo mkubwa,
Bibi Mwanaidi